Barua ya wazi kwa wakuu wa taasisi: usanifu wa usalama wa taarifa uanzie mezani kwenu

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti wa Bodi, Makatibu Wakuu, Watendaji Wakuu na wajumbe wa kamati za ukaguzi katika taasisi kubwa za umma na za binafsi, Tanzania na Kenya.

YAH: OMBI LA KUSIMAMIA WENYEWE USANIFU WA USALAMA WA TAARIFA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Ninawaandikia nikiwa mtu wa fani hii, ambaye kazi yake ni kuandaa na kupitia usanifu, yaani mipango ya jinsi vipande vyote vya usalama wa mifumo ya TEHAMA vinavyoshikana. Ninawaandikia ninyi, wala si wakuu wa vitengo vya TEHAMA, kwa sababu ninachokiomba hakiwezi kufanywa na kitengo hicho peke yake, hata kiwe na wataalamu hodari kiasi gani. Ninaomba kwamba kabla taasisi haijanunua kifaa kingine chochote cha usalama, bodi na menejimenti ziandike na kutia saini, kwa maneno yao wenyewe, ni mambo gani ya taasisi yanayopaswa kulindwa, yanalindwa dhidi ya nini, na nani atawajibika kwa kila moja. Kisha kila fayawoli (kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao), kila leseni ya programu na kila mkataba wa mtaalamu mwelekezi vipimwe kwa maandishi hayo.

Taasisi nyingi kubwa zimekwenda kinyume cha utaratibu huo. Mwaka mmoja unanunuliwa mfumo wa kuchuja barua pepe kwa kuwa taasisi jirani imedukuliwa. Mwaka unaofuata mkaguzi anatoa hoja kuhusu nywila, nao unanunuliwa mfumo wa kusimamia nywila. Mwaka wa tatu zinakuja fedha za mfadhili zikiwa na sharti la kifaa fulani, nacho kinafungwa. Kila ununuzi ulikuwa na hoja yake, na huenda kila kifaa ni kizuri. Lakini hakuna karatasi hata moja inayoeleza vifaa hivyo vinahusianaje, kipi kinategemea kipi, na kimoja kikiacha kufanya kazi usiku wa manane ni nani atakayejua.

Naomba mniruhusu nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kilichunguzwa na Bunge la Marekani na matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Equifax ni kampuni ya Marekani inayohifadhi kumbukumbu za mikopo za wananchi. Tarehe 7 Machi 2017, watengenezaji wa Apache Struts, programu inayotumika kujengea mifumo ya tovuti, walitangaza udhaifu mkubwa na kutoa sasisho la kuuziba. Siku mbili baadaye, kitengo cha usalama cha Equifax kilituma barua pepe kwa watu zaidi ya 400 ndani ya kampuni, kikimwagiza kila mwenye programu hiyo aisasishe ndani ya saa 48. Agizo lilikuwa sahihi na lilitoka mapema. Kilichokosekana ni orodha kamili ya mifumo iliyokuwa ikitumia programu hiyo, na mfumo mmoja wa kupokea malalamiko ya wateja, ambao asili yake ni miaka ya 1970, ukabaki bila kusasishwa. Wadukuzi waliingia kupitia mfumo huo katikati ya mwezi Mei. Ndani yake walikuta faili lenye majina ya watumiaji na nywila zilizoandikwa wazi, wakazitumia kufikia kanzidata 48 zisizohusiana na malalamiko ya wateja, wakazituma hoja zipatazo 9,000 za kutafuta taarifa, na wakakaa humo siku 76.

Muda wote huo kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayoingia na kutoka. Kifaa kilikuwapo, kimelipiwa na kimefungwa mahali pake. Lakini cheti cha kidijitali kilichokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyosimbwa (yaliyogeuzwa kuwa maandishi ya siri) kilikuwa kimekwisha muda wake kwa miezi mingi, kwa hiyo kifaa kilikuwa kikiyapitisha bila kuyasoma. Tarehe 29 Julai cheti kilihuishwa, na wafanyakazi wakaona mawasiliano ya kutiliwa shaka karibu papo hapo. Hadi hapo taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575 kumaliza mashauri yaliyofunguliwa na mamlaka za serikali.

Oktoba 2017, Richard Smith, ambaye alikuwa amekwisha kuacha nafasi ya Mkurugenzi Mtendaji, aliwaeleza wabunge kwamba palitokea kosa la kibinadamu na kosa la kiteknolojia. Taarifa ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyotolewa Desemba 2018 iliona mbali zaidi ya hapo. Ilieleza kwamba mkuu wa usalama alikuwa chini ya mkuu wa masuala ya sheria, ilhali mkuu wa TEHAMA alikuwa na mstari wake mwingine, hivyo walioandika sera na waliopaswa kuitekeleza hawakuwa na mahali pa kukutana wala mtu mmoja wa kuwawajibisha wote. Kamati ilihitimisha kwamba tukio lile lingeweza kuzuiwa kabisa.

Ninawaomba mkitazame kisa hiki kwa jicho la mwenye dhamana. Fedha zilikuwapo, wataalamu walikuwapo, na kifaa kilikuwapo. Maswali ambayo hayakuwa na majibu ni haya: mwenye mfumo wa malalamiko ni nani, mwenye cheti ni nani, na kwa nini mfumo wa kupokea malalamiko uweze kufikia kanzidata nyingine zote hizo? Fundi hawezi kuyajibu maswali hayo kwa niaba ya taasisi, kwa kuwa hana mamlaka ya kumwambia mkurugenzi wa idara nyingine kwamba mfumo huu ni wako na utaulizwa juu yake.

Fani yetu imekuwa na nyenzo za kuyajibu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1987 John Zachman, akiwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, alichapisha utaratibu wa kueleza mifumo ya taasisi kubwa kwa kuitazama kutoka pande za watu tofauti, na baadaye utaratibu huo ukakamilika ukiwa na maswali sita ambayo kila mtu anayafahamu: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Kuanzia mwaka 1995 John Sherwood na wenzake waliunda SABSA, mwongozo wa usanifu uliotumia maswali hayohayo kwa upande wa usalama. SABSA ina ngazi sita. Ya kwanza ni ya mwenye shughuli, ya pili ya msanifu, ya tatu ya mbunifu, ya nne ya mjenzi, ya tano ya fundi, na ya sita ni ya msimamizi anayekitunza kilichojengwa siku zote za uhai wake.

Ili jambo hili lisibaki nadharia, chukueni mfano wa mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni kila mwezi. Katika ngazi ya kwanza bodi inaandika sentensi moja: pensheni ya kila mstaafu ifike kwenye akaunti yake, kamili, siku iliyopangwa, na asiwepo mtu mmoja anayeweza kuielekeza kwingine. Hakuna neno la kiteknolojia humo, na mjumbe wa bodi ambaye ni mwalimu mstaafu anaweza kuijadili sawasawa na mhandisi. Katika ngazi ya pili msanifu anaisoma sentensi hiyo na kuuliza ni kitu gani kinaweza kuivunja. Anaona kwamba hatari kubwa iko kwenye kubadilisha namba ya akaunti, ama kwa mkono wa mtumishi wa ndani, ama kwa mtu wa nje aliyeiba nywila ya mtumishi huyo. Anaweka kanuni: badiliko lolote la akaunti lipitishwe na watu wawili wasio chini ya msimamizi mmoja, na mstaafu aarifiwe kwa namba yake ya simu ya zamani kabla badiliko halijaanza kufanya kazi.

Mbunifu, katika ngazi ya tatu, anaigeuza kanuni hiyo kuwa huduma za mfumo: kuthibitisha utambulisho, kutenganisha majukumu, kutunza kumbukumbu za kila tendo. Mjenzi anaamua kumbukumbu hizo zikae kwenye seva ambayo msimamizi wa kanzidata ya malipo hana ruhusa ya kuigusa, kwa sababu anayeweza kubadilisha malipo asiweze pia kufuta alama za vidole vyake. Ngazi ya tano ni ya fundi na bidhaa, na hapa ndipo jina la kampuni yoyote ya wauzaji linapotajwa kwa mara ya kwanza. Katika ngazi ya sita yanabaki maswali ya kila siku. Nani anazisoma kumbukumbu hizo kila asubuhi? Cheti cha seva kinakwisha lini, na nani anakumbushwa? Ofisa aliyehamishwa kituo cha kazi anaondolewa ruhusa zake siku ileile, au anaondoka nazo? Watumishi wetu huhamishwa mara kwa mara, na ruhusa zao hubaki nyuma zikiwa hai, kwa hiyo swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwetu kuliko linavyopewa uzito katika vitabu vya kigeni.

Sifa ya utaratibu huu ninayoithamini kuliko zote ni kwamba unafuatika kuelekea pande zote mbili. Mkaguzi anaweza kuanza na sentensi ya bodi akashuka hadi kwenye seva, au akaanza na seva akapanda hadi kwenye sentensi ya bodi. Kifaa kisicho na sentensi juu yake ni fedha zilizotumika bila sababu. Sentensi isiyo na kitu chini yake ni pengo, na ni heri ligunduliwe na mkaguzi kuliko na mwizi.

Kati ya maswali yale sita, ninaona linalosahaulika zaidi ni swali la lini. Mwezi Februari 2016, wezi walioingia katika Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo ya malipo kupitia SWIFT, mtandao ambao benki duniani hutumiana maagizo ya malipo, yakiitaka Benki ya Hifadhi ya New York (sehemu ya benki kuu ya Marekani) ihamishe karibu dola milioni 951. Maagizo yalitoka usiku wa Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ni siku za mapumziko Bangladesh, Jumamosi na Jumapili ni mapumziko New York, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Ufilipino, ambako fedha zilikuwa zikipelekwa. Printa iliyopaswa kutoa nakala za miamala ilikuwa haifanyi kazi, na hitilafu hiyo ikachukuliwa kuwa ya kawaida. Malipo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino na kuchukuliwa. Polisi wa Bangladesh waliochunguza walieleza kwamba mtandao wa benki haukuwa na fayawoli na kwamba kompyuta za malipo hazikutenganishwa vya kutosha na mitambo mingine. Fayawoli ingesaidia. Hata hivyo, taasisi ambayo msanifu wake ameuliza nani yuko kazini Ijumaa, na nani anapigiwa simu printa ya miamala ikinyamaza, ingekuwa na nafasi ya kuwakamata hata bila kifaa kipya.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba taasisi zenu tayari zina vyeti vya ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa. Hilo ni jema, na sitaki lidharauliwe. Lakini naomba mfungue cheti hicho na kusoma mstari unaoeleza wigo wake. Sheria za kiwango hicho zinairuhusu taasisi ichague eneo litakalokaguliwa, na si ajabu kukuta cheti kinachohusu kituo cha data peke yake, huku mfumo wa malipo, matawi na simu za maofisa vikiwa nje ya wigo. Aidha, toleo la mwaka 2022 lina orodha ya hatua 93 za udhibiti. Orodha ni orodha. Inawaambia cha kuzingatia, haiwaambii kipi kianze wala vipi vishikane. Taasisi mbili zinaweza kutimiza mambo yaleyale 93, moja ikawa imara na nyingine ikawa na vipande visivyounganika.

Hali kadhalika mwongozo wa usalama wa mtandao wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2014 likiwa na kazi tano: kutambua, kulinda, kugundua, kukabili na kurejesha. Februari 2024 lilipotoka toleo la 2.0, waandishi waliongeza kazi ya sita na kuiweka katikati ya zote, nayo ni utawala, yaani wajibu wa uongozi wa juu. Miaka kumi ya matumizi iliwafundisha kwamba zile tano zinayumba pasipo hiyo ya sita. Mwongozo huu naupendekeza kwa mazungumzo ya bodi, kwa kuwa lugha yake ni nyepesi.

Kuna pia wauzaji wanaokuja siku hizi na maboksi wakidai kwamba ukiyafunga, taasisi itakuwa haimwamini mtu yeyote bila kumthibitisha. Msingi wa fikra hiyo ni mzuri: mtumishi aliye ndani ya jengo asiaminiwe kwa sababu tu yuko ndani, na kila ombi la kufikia taarifa lihakikiwe lenyewe. Waraka wa NIST wa Agosti 2020 unaoeleza fikra hiyo unaielezea kama kanuni za kusanifia, si bidhaa moja ya kununuliwa dukani. Huwezi kuhakiki ombi la kufikia taarifa wakati hujui taarifa ziko wapi na mwenye haki ya kuziona ni nani, na hayo hayauzwi na mtu yeyote.

Mkiniuliza tuchague mwongozo upi, nitajibu bila kuzunguka: chukueni ngazi mbili za juu za SABSA na mzifanye kwa uangalifu wote, tumieni NIST kutoa taarifa kwa bodi, na ISO kama orodha ya kujikagua. Jedwali kamili la SABSA lina visanduku 36, nami siwashauri kuvijaza vyote. Wataalamu waelekezi hupenda kuvijaza kwa sababu kila kisanduku ni ukurasa na kila ukurasa una bei. Matokeo yake ni jalada nene linalopokelewa kwa sherehe na kuwekwa kabatini, huku taasisi ikibaki bila mtu mmoja anayeweza kulieleza.

Mwezi Julai 2023 Kenya ilipata somo ambalo linatuhusu sote. Mfumo wa eCitizen, uliokuwa umekusanya zaidi ya huduma 5,000 za serikali mahali pamoja, ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia hadi ukawa haufikiki. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea. Hata hivyo, watu walikwama kwenye pasipoti, leseni za udereva na malipo, na ikabidi itangazwe kwamba wageni ambao wangeomba viza mtandaoni wapewe watakapofika nchini. Kukusanya huduma mahali pamoja ni uamuzi mzuri kwa mwananchi. Lakini ni uamuzi wa usanifu, na kila anayeufanya anapaswa kuandika siku hiyohiyo jinsi pasipoti itakavyotolewa mlango huo mmoja ukifungwa. Njia ya pili ikibuniwa katikati ya shambulio, mzigo wake humwangukia ofisa wa zamu uwanja wa ndege.

Sheria nazo zimekwisha kuwafikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ulinzi uingizwe kwenye mfumo tangu unapobuniwa, na inaipa taasisi inayosimamia taarifa hizo saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data pale taarifa za watu zinapovuja katika mazingira ya hatari kwao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Taasisi isiyo na orodha ya mifumo yake na wenye mifumo hiyo haiwezi kusema ndani ya siku tatu ni taarifa za nani zimechukuliwa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaamini yote yamo ndani ya uwezo wenu kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai kupitishwa. Chagueni mfumo mmoja tu, ule ambao ukisimama taasisi inasimama. Mwiteni mkurugenzi wa idara inayoutumia, si mkuu wa TEHAMA, aandike mbele yenu sentensi ya ngazi ya kwanza, kisha jina lake liingizwe kwenye rejesta ya vihatarishi akiwa mwenye mfumo huo. Mkuu wa usalama wa taarifa apewe njia ya kufika kwenye kamati yenu ya ukaguzi bila kupitia kwa mtu ambaye kazi zake ndizo anazozikagua. Kitengo cha ununuzi kielekezwe kwamba hati ya zabuni ya kifaa chochote cha usalama itaje sentensi ya bodi ambayo kifaa hicho kinaihudumia, jina la atakayekitunza, na tarehe za kwisha kwa vyeti na leseni zake. Zabuni isiyo na mambo hayo irudishwe. Na mtaalamu mwelekezi asilipwe fungu la mwisho hadi mtumishi wenu mwenyewe awe amesimama mbele ya kamati na kuueleza usanifu huo kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya sita, pasipo mtaalamu huyo kuwapo chumbani.

Nipo tayari, pamoja na wenzangu wa fani hii, kuja kwenye kikao chochote cha bodi kuanza na mfumo huo mmoja.

Nawasilisha kwa heshima na taadhima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msanifu wa usalama wa taarifa,
Dar es Salaam